Sauti Iliyobaki Stesheni

6 Februari

Wifi Spika,

Nimekupigia simu mara tisa tangu mwaka uanze. Inaita, inaita, halafu inakata. Nikikutumia ujumbe unanijibu "poa", basi. Sasa nimenunua bahasha, mimi ambaye mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa naomba kazi. Ukiucheka mwandiko wangu nakuja huko kukuchapa.

Huku mambo ni yale yale. Bado nafundisha watu kuendesha gari, na bado wananiita Breki, maana ndilo neno ninalolipigia kelele kutwa. Jana mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima mwenye mvi zake, aliingiza gari kwenye uzio wa watu. Akashuka, akauomba uzio msamaha. Mwenye nyumba kasimama pale pale, yeye hakuombwa.

Ninachokuandikia hasa ni Mama. Macho yamezima, wifi. La kushoto lilitangulia, la kulia limefuata, na daktari amesema hana tena la kufanya. Anakaa kwenye kiti chake dirishani na kazi yake sasa ni kusikiliza. Mimi ananijua kwa viatu. Na kila siku anauliza, "Yule wa stesheni yuko wapi? Mbona simsikii?"

Najua wewe na kaka yangu mmeachana na sitaki kufukua hayo. Lakini Mama hakukuacha. Unakumbuka alivyokuwa anakupa hata karatasi ya dawa umsomee, ili akusikie tu. Mpigie. Dakika tano zinamtosha.

Wifi yako, na anayebisha aje nimwone,
Breki

---

19 Februari

Wifi,

Barua imefika. Mwandiko wako ni wa mtu anayeandika huku gari linatembea, lakini niliisoma nimesimama mlangoni, mkoba bado begani.

Nimesikitika sana kwa macho ya Mama. Nilikaa na habari hiyo siku nne kabla ya kushika kalamu.

Simu yangu ni mbovu. Inapokea, ila mtu wa upande wa pili hanisikii. Nitaipeleka kwa fundi nikipata nafasi. Kazini nimeongezewa chumba cha vitu vilivyosahaulika, kile cha nyuma, karibu na stoo. Nina miavuli ishirini na tatu, tarumbeta moja, na meno ya bandia ambayo hakuna aliyeyaulizia kwa miezi mitatu. Nayafuta vumbi kila Ijumaa na kujiuliza mwenyewe anakula nini.

Msalimie Mama. Mwambie nitapiga nikipata nafasi. Mwambie pia kwamba, basi, mwambie hivyo tu.

Wifi yako

---

11 Machi

Wewe,

Jana nilikwenda kwenye semina ya walimu wa udereva, na treni ikapita kwenye stesheni yako. Tulisimama dakika kumi na mbili. Nilikuwa nimeshakuhurumia na simu yako mbovu, hata nilikubebea ile ya zamani ya kwangu, imefungwa kwenye kitambaa.

Nikakusikia. Sauti ile ile, kila neno limepigwa pasi. Unawaambia abiria wasimame nyuma ya mstari. Unawaomba radhi kwa kuchelewa. Unawatakia safari njema! Watu usiowajua hata kwa sura unawatakia safari njema, na mama aliyekuogesha kwa mikono yake ulipokuwa na homa huna dakika tano zake.

Nilitaka kushuka. Mguu mmoja ulikuwa tayari chini. Nikajiuliza, nimfuate nikamwambie nini? Nikapanda, nikakaa.

Umeniandikia kwamba husikiki. Behewa zima limekusikia. Mama nimemwambia umesafiri, maana sikuweza kumwambia ukweli. Usijisumbue kujibu.

Breki

---

15 Machi

Wifi, usiichane kabla ya kuimaliza.

Sauti uliyoisikia ni yangu, lakini siku ile mimi sikuwa nimefungua mdomo. Ni mashine. Miaka mitatu iliyopita mkuu wa stesheni aliniweka kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro kuta zote, siku nne, nikasoma majina ya vituo vyote, namba mpaka sitini, "imechelewa", "samahani", "safari njema". Mashine inachukua vipande na kuviunga. Nilivimba kichwa siku zile. Sikujua kwamba nilikuwa naweka akiba.

Baada ya hapo sauti ikaanza kushuka. Nilidhani ni mafua. Ikawa nzito, inakwaruza, mpaka mtu mmoja akaja dirishani kulalamika kwamba hawaelewi tangazo. Mkuu akasema, si tuna mashine? Ndivyo nilivyopelekwa chumba cha nyuma. Sikuongezewa kazi, wifi. Hiyo ndiyo kazi yangu yote.

Na si sauti peke yake. Unakumbuka nilivyokuwa mwaka ule wa mwisho kwenu: usingizi, uzito, sweta wakati watu wanajipepea, nasahau maji jikoni mpaka sufuria inaungua. Kaka yako akasema nimekuwa baridi. Mlisema mimi ni mvivu, nami nikawaamini, kwa sababu nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda nikivitazama viatu nisiweze kuinama kuvifunga, na sikuwa na jina jingine la kuliita jambo hilo.

Jina nimelipata mwaka jana, nimeshaachika. Ni tezi ya shingoni, inayoupa mwili mwendo wake. Kinga ya mwili wangu mwenyewe imeigeukia na kuishambulia kana kwamba ni mgeni mbaya. Daktari alinieleza kwa upole, akaniuliza kama nimekuja na mtu. Nilimwambia yuko nje ananisubiri. Nje kulikuwa na benchi.

Sasa nameza kidonge kila asubuhi kabla ya kula, kisha ni lazima ningoje saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Saa hiyo ilikuwa inaniua. Nyumba iko kimya, chai huwezi, wa kuongea naye hakuna. Pale kliniki kuna mtaalamu wa viungo, mwanamke mfupi anayevaa soksi zisizofanana, akanipa kazi ya kuijaza. Nakaa kitini, nyayo chini, nazisikiliza kwanza nyayo. Nainua mikono polepole pamoja na pumzi, naishusha polepole zaidi. Nageuza shingo mpaka pale yenyewe inaposema basi, nasimama hapo, siibishii. Mwishoni naweka mikono mabegani na kuyabana kidogo. Hakuna mtu mwingine anayenigusa, kwa hiyo hapo huwa nakaa muda mrefu.

Hakuniahidi kupona. Alisema kidonge kina kazi yake na haya yana kazi yake, na kazi yake ni kunipatanisha na mwili ambao nimeuchukia. Siku nyingine napatana nao. Siku nyingine nalia tu nikiwa nimeinua mikono, na kulia ukiwa hivyo ni jambo la kuchekesha, ungekuwepo ungenitania.

Kazini narudia. Sauti yangu inapita ukutani kila treni inapokaribia. Ikisema "abiria mnaombwa", nasimama. Ikifika "nyuma ya mstari", nazungusha mabega. "Safari njema", nakaa. Mara kumi na nne kwa siku yule msichana niliyekuwa mimi ananiambia safari njema, na sijawahi kumjibu.

Sasa nina sauti ya mtu anayeburuta sanduku sakafuni. Huenda ikarudi kiasi, huenda isirudi. Mama hana macho tena, ana masikio tu, na ndani ya masikio hayo mimi bado ni mzima. Nikipiga ataniuliza mimi ni nani. Hilo ndilo ninaloliogopa, wifi, si jingine. Tafadhali usimsomee barua hii.

Wifi yako, kama bado

---

24 Machi

Wifi yangu,

Hii ni karatasi ya sita. Tano nimezitupa.

Ile siku sebuleni, wageni wamejaa, mimi ndiye niliyesema umelala ndoa yako yote. Watu walicheka. Na wewe ulicheka, ndicho kinachonitesa sasa. Halafu kuna usilolijua: kaka yangu alipokuwa anasitasita, mimi ndiye niliyemwambia asipoteze maisha na mwanamke asiyeamka. Nilimwambia hivyo kwenye gari, nikamshusha kwenu, nikaenda kufundisha watu alama za barabarani. Sina la kujitetea. Roho inanisuta.

Mama sijamsomea. Lakini nakuomba umpigie na sauti uliyo nayo. Asubuhi mimi niko na wanafunzi, yeye yuko peke yake na simu iko kwenye kiti, mkono wa kulia. Anapokea mwenyewe siku hizi, anajivunia hilo. Atakuwa na raha ya kuongea na yeyote, maana wiki hizi anaongea na dari: paa la jikoni linavuja na fundi tunamsubiri wiki ya pili, kila siku yuko njiani.

Mpigie. Akikuuliza wewe ni nani, mwambie.

Breki

---

9 Aprili

Wifi,

Nimempigia.

Nilijitayarisha wiki mbili. Siku yenyewe nilifanya mazoezi mara mbili, nikanywa maji ya uvuguvugu, nikakohoa mpaka jirani akagonga ukuta. Nikabonyeza. Akapokea. Nikasema, "Shikamoo, Mama."

Akasema, "Marahaba, baba. Hivi nyie mafundi mnadhani maji yanasubiri?"

Baba! Nilitaka kukata. Kisha akaanza kunieleza paa lote, bati kwa bati, kwa hasira na kwa raha, na nikagundua kwamba nimekuwa namsikiliza kwa dakika kumi na kwamba hakuna mtu aliyeongea nami dakika kumi tangu mwezi wa kwanza. Nikamwambia hilo ni la misumari, Mama, vuta subira. Sijui hata kama ni la misumari.

Akaniuliza kama nina mke. Nikasema naishi peke yangu. Akasema mwanamume akiishi peke yake hukonda. Nikamwambia mimi sijakonda, Mama, na hilo wifi lilikuwa kweli tupu.

Aliniambia nimpigie tena. Nitapiga. Usimwambie. Niachie hili kidogo, ni mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu ameniambia nimpigie tena na hakuwa daktari.

Wifi yako

---

20 Aprili

Wifi,

Nimecheka mpaka nimesimamisha gari, halafu nikaona aibu ya kucheka.

Sasa nieleze. Jana narudi nyumbani namkuta Mama kitini, mikono juu, anaishusha taratibu kama anaweka mtoto chini. Nikadhani kapatwa na jambo. Nikapiga kelele. Akaniambia ninyamaze, anasikiliza nyayo zake! Nikamuuliza kafundishwa na nani. "Fundi wa paa," anasema. "Kijana mwenye adabu sana. Alinisikia nalalamika shingo inakakamaa kwa kukaa, akaniambia niigeuze mpaka yenyewe iseme basi." Yule fundi wa kweli amekuja juzi na ameziba paa, na Mama amemkatalia katakata kwamba si yeye, ametumwa tu na fundi wake.

Umempigia mara ngapi? Na mnaongea nini? Kuna mambo humu ndani ambayo ningependa uyasikie kutoka kwangu kwanza. Nitakuandikia wiki ijayo nikipata nafasi.

Breki

---

2 Mei

Wifi,

Hukuipata nafasi. Najua inavyokuwa, nilikuandikia maneno hayo hayo mimi.

Nimempigia mara saba. Ile ya saba aliongea kidogo, nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Baba, wewe huwajui hawa, kwa hiyo nitakwambia." Akaniambia kaka yako ameoa. Tangu mwaka jana. Na kwamba mmekubaliana nyumba nzima yule wa kwanza asiambiwe.

Sikulia. Nilimwambia ni jambo la heri. Nilisema "heri" kwa sauti ya fundi, na sauti haikutetemeka, haina nguvu za kutetemeka.

Halafu akaendelea, bila kuulizwa. "Yule wa kwanza nilimwona siku moja amekaa kitandani, viatu mkononi, saa nzima. Nikapita mlangoni. Nikasema anaigiza. Sasa mimi ndiye ninayekaa hivyo, na kila anayepita mlangoni namsikia anavyopita." Akasema angekuwa na macho angekuja stesheni kunitafuta. Nikamwambia lazima nirudi kazini, nikakata. Nilikuwa kazini. Nilikuwa nimekaa kati ya miavuli.

Kaka yako ana haki yake na simlaumu. Wewe nakulaumu kidogo, kwa sababu uliandika "wifi yako, na anayebisha aje" huku mwingine yuko tayari anaitwa hivyo humo ndani. Kwa hiyo nakuuliza na unijibu wazi: mimi ni nani kwenu? Ninyi ndio watu pekee nilio nao, na sijui kama ninyi mnalijua hilo.

Aliyekuwa wifi yako

---

8 Mei

Wifi,

Nimekuficha, ni kweli. Niliogopa ukijua utaacha kujibu barua, na barua ndicho kitu pekee kilichokuwa kimebaki kati yetu. Nilikosea.

Umeniuliza wewe ni nani kwetu. Mimi naweza kukujibu kwa upande wangu tu: wewe ni wifi yangu, yule wa sasa ni mke wa kaka yangu, na nimemwambia hivyo usoni akaelewa. Lakini jibu unalolitaka si langu. Unalitaka kwa Mama, na Mama hawezi kumjibu mtu ambaye hajui kwamba anamsikiliza.

Mwambie. Nakusihi. Anampenda fundi kuliko anavyonipenda mimi, na mimi sitaweza kumwangalia akimngoja mtu ambaye hayupo.

Breki

---

17 Mei

Wifi,

Leo asubuhi nilikaa kitini na mikono ikakataa kupanda. Sikuilazimisha. Nilibaki nimeweka nyayo chini mpaka saa ikaisha, nikapiga simu kabla ya kunywa chai, ili nisipate kisingizio.

Alipokea kwa furaha, "Fundi!" Akaanza kunipa habari za shingo, sasa inageuka mpaka anausikia mlango kwa masikio yote mawili. Nikamwacha amalize. Nikasema, "Mama, mimi si fundi."

Akasema, "Paa umelitengeneza, usinifiche."

Nikamwambia sikulitengeneza. Nikamwambia mimi ni yule wa stesheni, kwamba niliugua na sauti ikaondoka, na kwamba mambo yote aliyonieleza nimeyasikia, na anisamehe kwa kuyasikia kwa njia hiyo. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja, nikaishiwa pumzi.

Nilimsikia anavyopumua. Nilisikia gari likipita huko kwenu barabarani. Nikawaza, sasa ataniuliza nithibitishe, na nitathibitisha kwa kitu gani? Nilikuwa nimeanza kuitoa simu sikioni.

"Kwa hiyo ulikuwa mgonjwa," akasema. "Pale kitandani."

Nikasema ndiyo, Mama.

Akalia. Mimi pia. Tulilia muda mrefu na hakuna aliyejaribu kumbembeleza mwenzake. Halafu nikamsikia anapenga kamasi, anajiweka sawa kwenye kiti, na akaniambia kwa ile sauti yake ya kutoa amri, "Basi anza upya. Anzia kwenye shikamoo. Zile zote nilimwitikia fundi."

Nikasema, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Wifi yako,
Spika